Kinachopasua chuma cha kusubu: Somo la moto kwa mafundi wa Kibera na Kawangware

KATIKA mabanda ya jua kali yaliyo kandokando ya barabara za Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, kuna kazi ambayo huwatatiza hata wachomeleaji waliobobea. Kazi hiyo ni kuunga kipuri cha chuma cha kusubu kilichopata ufa.

Lango la nyumba au fremu ya dirisha huungwa kwa muda mfupi, na mshono wake ukadumu miaka na mikaka. Kipuri cha kusubu, kiwe ni jiriwa, puli ya kinu cha unga, mguu wa cherehani au sehemu ya injini, kina tabia nyingine kabisa. Kinaweza kuchomelewa mbele ya mteja, kikaonekana kizima, kisha kikatoa mlio mkavu na kupasuka pembeni mwa mshono kabla hata hakijapoa.

Inapotokea hivyo, lawama huwa tele. Mteja humshutumu fundi kwa uzembe, naye fundi huishutumu rodi kwamba ni duni. Hata hivyo, mara nyingi chanzo cha hasara hiyo kimo ndani ya chuma chenyewe, katika namna kaboni iliyomo inavyojipanga chuma kinapopashwa moto na, zaidi ya yote, kinapopozwa.

Fundi asiyelijua jambo hili hupoteza rodi, muda na wateja. Abiria naye ana kila sababu ya kulielewa, maadamu dramu za breki zinazosimamisha magari mengi ya uchukuzi zimetengenezwa kwa chuma hichohicho.

Chuma chenye kaboni tele

Chuma safi kisichochanganywa na kitu huyeyuka katika nyuzijoto 1,538. Kikichanganyika na kaboni, kiwango hicho hushuka. Chuma cha kusubu huwa na kaboni kati ya asilimia 2 na 4 hivi, pamoja na silikoni ya asilimia 1 hadi 3, nacho huanza kuyeyuka katika nyuzijoto 1,150 au karibu na hapo. Hutiririka kama uji mwepesi na kujaza kalibu hadi pembeni. Ndiyo maana viwanda hukitumia kutengeneza vitu vyenye maumbo magumu kama vile mwili wa injini.

Feleji, ambayo ndiyo chuma cha malango, nondo na fremu, ni tofauti. Ile laini inayotumiwa na wachomeleaji wengi haina kaboni zaidi ya asilimia 0.3. Tofauti hiyo, ingawa yaonekana ndogo kwenye karatasi, ndiyo inayotenganisha chuma kinachokubali kukunjwa na chuma kinachovunjika kama chungu.

Kiwango cha joto kinachohitajika pia ndicho kinachowazuia mafundi wengi wadogo kusubu chuma wenyewe. Alumini ya sufuria kuukuu huyeyuka katika nyuzijoto 660, joto linalopatikana kwa makaa na feni ya kawaida. Chuma cha kusubu hudai takriban maradufu ya joto hilo. Kwa hivyo fundi wa mtaani hukutana nacho kikiwa tayari kipuri, tena kipuri kilichovunjika.

Kile jicho lisichoona

Mwanasayansi Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, ndiye aliyeanzisha, katika miaka ya 1860, desturi ya kusugua kipande cha chuma hadi kikang’aa, kukigusisha tindikali na kukitazama kwa hadubini. Alichokiona ni kwamba chuma hakina umbo moja kote. Kimejaa chembechembe za aina mbalimbali, mithili ya ukuta uliojengwa kwa mawe ya namna nyingi.

Katika chuma cha kusubu cha kijivu, ambacho ndicho cha kawaida zaidi, kaboni nyingi imejitenga na kuwa grafiti, kitu kilekile kilichomo katika kalamu ya risasi. Grafiti hiyo imelala ndani ya chuma kama majani membamba yaliyotawanyika. Majani hayo hurahisisha kukereza na kutoboa chuma, humeza mtikisiko na husaidia kupitisha joto. Ubaya wake ni kwamba kila jani ni kama ufa mdogo uliokwisha kuanza. Chuma kikivutwa au kikigongwa, huvunjika bila kunyumbuka.

Iwapo chuma kilichoyeyuka kitapozwa haraka mno, au kikikosa silikoni ya kutosha, kaboni haipati nafasi ya kujitenga. Badala yake hushikamana na chuma na kuunda sementiti, kitu kigumu kupindukia. Hicho ndicho chuma cha kusubu cheupe. Ukikivunja, uso wake hung’aa weupe, ilhali cha kijivu huonyesha rangi ya majivu. Cheupe hustahimili msuguano, lakini tupa haikiwezi na nyundo hukivunja.

Baina ya majani hayo ya grafiti kuna chuma kinachoyashikilia, nacho pia kina sura zake. Kinaweza kuwa feriti, ambayo ni laini na karibu haina kaboni. Kinaweza kuwa perliti, yaani matabaka membamba ya feriti na sementiti yaliyopangwa moja juu ya jingine. Pia kinaweza kuwa martensiti, ambayo ni ngumu sana na huzaliwa tu pale chuma chenye moto mkali kinapopozwa ghafla.

Ugumu huu una kipimo. Mnamo 1900 Johan August Brinell, mhandisi kutoka Uswidi, alibuni mbinu ya kukandamiza tufe gumu lenye upana wa milimita 10 juu ya chuma na kupima ukubwa wa kishimo kinachobaki. Kishimo kikiwa kidogo, chuma ni kigumu. Chuma cha kijivu kilichotoka kwenye kalibu kwa kawaida hupata takriban 180 hadi 230 katika kipimo hicho. Kikilainishwa huweza kushuka hadi karibu na 130. Kikipashwa moto na kuzimwa ghafla katika mafuta huweza kuvuka 450.

Ikumbukwe kwamba kiasi cha kaboni katika hali zote hizo tatu ni kilekile. Kilichobadilika ni mpangilio wake pekee.

Kasi ya kupoa ndiyo hakimu

Viwandani, kuna njia kadhaa za kukitibu chuma cha kusubu kwa moto, na kila moja ina lengo lake.

Ya kwanza ni kupunguza mkazo wa ndani. Kipuri kinapotoka kwenye kalibu, sehemu nyembamba hupoa mapema na nene huchelewa, hivyo zikabaki zikivutana. Kipuri hupashwa hadi kati ya nyuzijoto 550 na 650, kikaachwa humo kwa saa kadhaa, kisha kikapozwa polepole ndani ya tanuri. Ugumu wake haubadiliki sana, lakini mvutano hupungua na hatari ya kupinda au kupasuka baadaye hupungua pia.

Ya pili ni kulainisha. Chuma hupashwa hadi nyuzijoto 700 na zaidi, na pale ambapo kuna sementiti ngumu, hadi 900 au kupita kidogo. Katika joto hilo sementiti huvunjika, kaboni ikahamia kwenye grafiti na feriti laini ikabaki. Kipuri kilichokuwa kikiyavunja meno ya mashine ya kukereza sasa hukatika kwa urahisi. Gharama ya urahisi huo ni kwamba nguvu zake hupungua.

Ya tatu ni kukipasha hadi karibu na nyuzijoto 900 na kukiacha kipoe hewani. Kwa kuwa hewa hupoza kwa kasi ya wastani, perliti nyembamba huundwa na chuma huwa kigumu na chenye nguvu kiasi kuliko kile kilicholainishwa.

Ya nne ni kukizima ghafla, aghalabu katika mafuta. Kaboni hunaswa kabla haijapata pa kwenda, martensiti ikazaliwa na ugumu ukapanda. Lakini chuma cha namna hiyo ni chepesi kuvunjika, kwa hivyo hupashwa tena kwa joto la chini ili kukipunguzia ukali. Kuzima chuma cha kusubu katika maji ni kukaribisha nyufa, kwani maji hupoza kwa kasi kupita kiasi.

Historia inaonyesha jinsi subira ilivyoleta manufaa katika fani hii. Mnamo 1722 Mfaransa René Antoine de Réaumur alichapisha maelezo ya jinsi chuma cheupe kinavyoweza kupunguziwa wepesi wa kuvunjika kwa kupashwa moto kwa muda mrefu. Zaidi ya karne moja baadaye, mnamo 1826, Seth Boyden wa Newark, Marekani, alifaulu kutengeneza chuma cha aina hiyo ambacho grafiti yake hukusanyika katika vifundo badala ya majani. Viungo vingi vya mabomba ya chuma ambavyo mafundi wa maji hufunga hadi leo hutokana na mbinu hiyo.

Katika mwaka wa 1943, Mmarekani Keith Millis aligundua kwamba magnesiamu kidogo ikitiwa katika chuma kilichoyeyuka, grafiti hujikunja ikawa vitufe. Chuma hicho hunyumbuka kiasi bila kuvunjika, na siku hizi hutumiwa katika mabomba makubwa ya maji na sehemu nyingi za magari.

Mshono unaojipasua

Baada ya maelezo hayo, si vigumu kuona kinachotokea katika banda la mchomeleaji.

Moto wa umeme huyeyusha kijisehemu kidogo cha kipuri, huku mwili wote uliobaki ukiwa baridi. Mara tu rodi inapoondolewa, mwili huo baridi hunyonya joto kwa kasi kubwa. Sehemu iliyoyeyuka hugeuka chuma cheupe kilichojaa sementiti. Sehemu iliyo kando yake, ambayo ilipata moto mwingi bila kuyeyuka, hugeuka martensiti.

Kwa maneno mengine, fundi ameupa mshono tiba ya kuzimwa ghafla bila kukusudia. Wakati huohuo mshono unapopoa hujikunyata na kuvuta pande zote mbili. Feleji ya lango ingenyumbuka kidogo na mambo yakaisha. Chuma cha kusubu hakina unyumbufu huo, na utepe mgumu uliozaliwa kando ya mshono hukosa pa kwenda isipokuwa kupasuka.

Fundi anayeongeza umeme na kuchomelea tena juu ya ufa huo huzidisha tatizo. Pia yule anayekimwagia kipuri maji ili mteja aondoke nacho upesi hufanya kosa lilelile, tena kwa nguvu zaidi. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na katika chuma cha kusubu msemo huo unaweza kupimwa kwa tufe la Brinell.

Dawa yake ni kupunguza kasi ya kupoa. Kipuri chote, wala si mahali pa ufa pekee, hupashwa kwanza kwa makaa. Kwa kazi inayohitaji uangalifu mkubwa, joto hufikishwa kati ya nyuzijoto 500 na 650, kikachomelewa kingali moto, kisha kikazikwa ndani ya majivu makavu, chokaa au mchanga hadi siku ya pili. Majivu hayagharimu chochote, na pipa kuukuu linatosha kuwa tanuri la kupozea.

Kabla ya kazi, ufa hutobolewa tundu dogo kwa keekee katika kila ncha yake ili usiendelee kutambaa. Kisha huchongwa kwa grainda hadi upate umbo la mfereji, na mafuta yote hufutwa.

Pale ambapo kupasha kipuri chote hakuwezekani, rodi zenye nikeli nyingi husaidia, kwa kuwa nikeli hubaki laini hata ikipoa upesi. Ni ghali kuliko rodi za kawaida, hivyo hutumiwa kwa vipande vifupi vya mshono, kila kimoja kikigongwagongwa kwa nyundo ndogo na kuachwa kipoe kabla ya kingine. Njia nyingine ni kuunga kwa shaba nyeupe na gesi. Shaba hiyo huyeyuka chini ya kiwango cha chuma cha kusubu, kwa hivyo kipuri chenyewe hakiyeyuki. Hata hapo, majivu bado yanahitajika.

Dramu ya breki na maisha ya abiria

Kuna mahali ambapo chuma cha kusubu hutibiwa kwa moto barabarani, bila fundi na bila tanuri. Mahali hapo ni ndani ya magurudumu.

Dereva anapokanyaga breki, mwendo wa gari hugeuzwa kuwa joto. Gari lililojaa kupita kiasi na linaloteremka mlima mrefu, mathalan kwenye mteremko wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, huweza kuufanya uso wa dramu upite nyuzijoto 700 katika baadhi ya sehemu. Breki ikiachiliwa, mwili mnene wa dramu hulinyonya joto hilo papo hapo. Perliti ya uso hugeuka martensiti katika madoa madogo.

Madoa hayo, ambayo huonekana kwa rangi ya samawati au nyeusi, ni magumu kuliko chuma kinachoyazunguka. Hayachakai sawa na sehemu nyingine, hivyo breki huanza kutetema na kulia. Nyufa ndogo huanzia hapo, na joto la kila safari huzipanua.

Fundi wa kukereza dramu huyatambua pale kisu cha mashine kinaporuka badala ya kukata. Wengine huyasugua kwa jiwe la grainda na kuurejesha uso uliolingana. Tatizo ni kwamba ugumu huo huwa umezama ndani, na kila mara dramu inapokerezwa hupungua unene. Dramu nyembamba hushika moto upesi zaidi, na madoa hurudi. Kipenyo cha juu kinachoruhusiwa huandikwa kwenye dramu nyingi. Kikishapitwa, au ufa ukishafika ukingoni, dramu hiyo ni ya kutupwa.

Kuchomelea dramu iliyopasuka ni hatari kubwa. Mshono ambao haungeweza kustahimili kupoa juu ya meza hauwezi kuaminiwa kuzuia gari lenye abiria.

Macho, sumaku na tupa

Fundi wa Kibera au Kawangware hana hadubini wala mashine ya Brinell. Hata hivyo, ana vifaa vinavyoweza kumjulisha mengi.

Kipande kikiguswa na grainda, feleji laini hutoa cheche ndefu zenye kung’aa, huku chuma cha kusubu kikitoa cheche fupi zenye wekundu hafifu. Kikitobolewa kwa keekee, feleji hutoa nyuzi zilizojikunja, lakini chuma cha kusubu cha kijivu hutoa unga na vipande vidogo vinavyochafua vidole kwa weusi wa grafiti. Kikigongwa, feleji hulia kama kengele, ilhali cha kijivu hutoa mlio mzito unaozimika upesi.

Tupa nayo ni kipimo cha ugumu. Ikikata bila taabu, chuma kimelainika. Ikiteleza kama juu ya kioo, hapo pana sementiti au martensiti, na kukereza au kutoboa kutaharibu vifaa. Fundi anayepitisha tupa kandokando ya mshono wake kabla ya kumkabidhi mteja hugundua kosa mapema.

Kuhusu joto, wengi hutegemea rangi. Wekundu wa giza huashiria nyuzijoto 600 hadi 650 hivi, wekundu wa kukolea huashiria 800 au karibu, na rangi ya machungwa hupita 900. Lakini kipimo hiki kina mtego. Chini ya jua la mchana, ambalo ndilo lililowapa mafundi hawa jina lao, chuma chenye nyuzijoto 600 huweza kuonekana cheusi kabisa. Fundi huongeza moto akidhani bado, akapitiliza. Wahunzi hupima rangi kivulini kwa sababu hiyo. Sumaku pia husaidia, kwa kuwa chuma huacha kuivuta kinapokaribia nyuzijoto 770.

Vyuma vikuukuu na pengo la mafunzo

Ugumu mwingine hutokana na mahali vipuri vinapopatikana. Vingi hupitia kwa wauzaji wa vyuma vikuukuu, vikiwa vimetengana na mashine zake na bila maandishi yoyote ya kueleza aina yake. Chuma cha kijivu, cheupe na chenye grafiti ya vitufe hurundikwa pamoja na kuuzwa kwa kilo.

Biashara hiyo ilisimamishwa nchini Kenya mnamo Januari 2022, baada ya hofu ya uharibifu wa nguzo za umeme na miundomsingi mingine, kisha ikaruhusiwa tena mwaka huohuo kwa masharti. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 hulenga zaidi kuzuia wizi. Kumjulisha mnunuzi aina ya chuma anachonunua ni kazi inayobaki kwa fundi mwenyewe, ndiposa majaribio ya cheche na tupa yakawa na thamani.

Maarifa yenyewe hayako mbali. Somo la muundo wa metali hufunzwa katika idara za uhandisi za vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) nayo hutahini na kutoa vyeti kwa mafundi waliojifunzia kazini. Kinachokosekana ni daraja baina ya maabara na banda, kwani mafundi wengi walijifunza kwa kutazama wakubwa wao. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na aliyevukuta hurithi ustadi wa mwalimu wake pamoja na makosa yake.

Tanuri la umeme lenye kipimajoto hugharimu pesa nyingi kwa fundi mmoja, lakini kikundi cha mafundi kinaweza kulinunua kwa pamoja na kulitoza ada ndogo kila kipuri. Hadi hapo, pipa la majivu, sumaku, tupa na kivuli vitaepusha sehemu kubwa ya hasara.

Mteja pia ana wajibu wake. Anayemhimiza fundi amalize kazi kabla ya jioni humlazimisha kukipoza chuma kwa kasi inayokiua. Kipuri cha kusubu kilichoachwa kulala ndani ya majivu usiku kucha kina nafasi nzuri zaidi ya kurudi kazini kikiwa kizima.